Tulianzia Ukurasa wa Mwisho

Ninyi vijana mnaotaka kufundisha watoto bila kulipwa, nawapenda, lakini mnanichekesha. Wiki iliyopita wanne walifika kwangu hapa Kirolirwe kwa moto mbili, yaani pikipiki, wameandika maswali yao kwenye kaye, daftari lao, na swali la kwanza lilikuwa hili: "Papa Bahati, tuuze ao tununue ubao ya namuna gani?" Walikuwa na ubao mmoja wa zamani na hawakujua waufanyeje. Niliwaambia wakae. Nikawakatia fromaji, jibini ya hapa kwetu, nikaongeza viazi vya moto, na walipokuwa wakitafuna nikawaambia ubao si kitu cha kumkosesha mtu usingizi. Walitazamana. Nilijua wanafikiri mzee ameanza kupoteza akili. Basi haya ninayaandika kwa ajili yao, na kwa ajili yenu wengine ambao bado hamjapanda moto kuja kuniuliza.

Mimi sikuwa mwalimu wa serikali. Nilisomea ualimu na diploma nilipata, lakini siku zile mshahara wa mwalimu ulikuwa kitu cha kusikia kwa watu, kwa hiyo nikashika kazi ya baba yangu ya kutengeneza fromaji. Ng'ombe wa milima hii mnawajua. Asubuhi nilipokea maziwa, nikayapasha moto, nikayagandisha, nikakamua, nikatia chumvi, nikapanga fromaji zangu kwenye mbao zikauke. Mchana, kwa miaka mingi ya vita, nilifundisha watoto waliokimbia makwao. Waliniita Mwalimu Fromaji. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye mtu akiniita Papa Bahati barabarani nilikuwa sigeuki.

Aliyeniingiza kwenye kazi hiyo ni Mama Kavira. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mjane, mtu wa misa kila asubuhi, mwenye duka la chumvi, sabuni na betri kando ya barabara. Zamani, kabla ya biashara, alikuwa amefundisha primeri, shule ya msingi, na ualimu haukumtoka. Mteja akiomba sabuni bila kusalimu alirudishwa nje aingie upya, hata kama ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Mwaka ule watu wengi walikimbia vita upande wa Walikale, kutoka Buleusa na vijiji vya huko. Walitembea siku nyingi, wakajenga vibanda kwenye kilima juu ya kijiji chetu. Watoto wao walikuwa wanakuja kukaa mbele ya duka la Mama Kavira na kusoma kwa sauti maneno ya kwenye maboksi. Wakimaliza boksi la sabuni wanahamia boksi la betri, wakimaliza la betri wanarudi kwenye sabuni. Mama Kavira alivumilia siku tatu. Siku ya nne aliingia kwenye chumba changu cha fromaji bila hodi.

"Papa Bahati, diploma yako iko wapi?"

"Iko mu sanduku, Mama."

"Inafanya nini mu sanduku?"

"Inalala."

"Basi uiamushe. Batoto bako kwangu banasoma sabuni. Kesho saa nane batakuya kwako."

Nilijitetea. Sina viti, nikasema, sina vitabu, sina ubao. Yeye akachomoa ubao mmoja mtupu wa kupangia fromaji, akauegemeza ukutani, akaokota kipande cha makaa jikoni na kuandika hesabu mbili. Ilisomeka vizuri sana. Kesho yake nilitenga mbao tatu za zamani ambazo hazikufaa tena kubeba chakula, na hizo ndizo zilizofundisha watoto wangu mpaka mwisho.

Mama Kavira alikuwa na sheria moja kubwa: hakuna hesabu kabla ya kinywaji. "Mutoto wa njaa hasikie hata jina yake," alisema. Sasa mimi nilikuwa na maji ya maziwa, yale yanayobaki ukishagandisha fromaji, ambayo siku zote niliyamwaga kwa nguruwe wa jirani. Tukaanza kuyagawa kwa kikombe, kila mtoto kimoja mlangoni. Nguruwe walikonda, jirani alinuna mwezi mzima, na watoto wakaacha kusinzia. Ninyi mtakaoanza, tafuteni kwanza kikombe chenu ni kipi. Kama ni uji, kama ni viazi viwili, kiwe mlangoni, kisiwe zawadi ya anayejibu vizuri.

Shida iliyobaki ilikuwa mimi mwenyewe. Nilipenda kusema. Mtu aliyekaa miaka na diploma ndani ya sanduku, siku akipata watoto kumi na mmoja wa kumsikiliza, hamalizi. Mama Kavira alikuwa anakuja na ungo wake wa maharage, anakaa nyuma akiondoa mawe, na kila niliposema muda mrefu bila kuwauliza watoto swali, alinirushia punje moja ya haragi. Alikuwa na shabaha nzuri. Siku ya kwanza niliokota maharage ya kutosha kupika. Baada ya mwezi nilikuwa naokota matatu, manne, na siku ambayo sikuokota hata moja nilifurahi kuliko siku ya kupata diploma.

Kosa langu la kukumbukwa zaidi lilikuwa swali la hesabu. Nilitaka kuwapa watoto kitu wanachokijua, si yale mambo ya treni ambayo hawajaiona. Nikaandika kwamba mfanyabiashara amenunua fromaji kumi hapa Kirolirwe, kila moja ina kilo mbili, akazipeleka Goma: atafika na kilo ngapi? Nilijisifu moyoni. Nikaenda kugeuza fromaji zangu nikiwaachia muda wa kufikiri. Niliporudi hakuna aliyeandika ishirini. Mmoja alikuwa na kumi na nane, mwingine kumi na sita na nusu. Msichana mmoja mwenye ulimi mwepesi, Riziki, hakuandika kitu. Alikuwa amenyoosha kidole.

"Mwalimu, hujasema kama kuko barieri ngapi."

"Barieri gani?"

"Za mu njia, kwenye banasimamishaka magari. Kila barieri banakamata fromaji moya. Tena hujasema kama ni jua ao mvua. Fromaji inakaukaka, inapoteza kilo. Na shofere naye atakula."

Darasa lote likakubali kwa vichwa. Mama Kavira aliacha ungo wake akacheka mpaka machozi. Nilijua wako sawa. Mimi fundi wa fromaji, ninayejua fromaji inapungua kiasi gani kwa wiki, nilikuwa nimeuliza swali ambalo mtu yeyote wa Masisi mwenye akili angelikosa. Ikabidi niwafundishe kitu kigeni kwao: kwamba kwenye mtihani wa taifa fromaji haikauki, shofere wa gari hana njaa, na kutoka hapa mpaka Goma hakuna barieri hata moja. Walisikiliza mambo hayo wakitabasamu, kama watoto wanaosimuliwa habari za mbinguni. Toka siku hiyo, mtoto akitia mambo mengi kwenye hesabu wenzake walimwambia, "Fromaji ya mtihani haikauke!"

Mtihani huo ndio ulikuwa shabaha yetu. Ule wa mwisho wa darasa la sita, ambao bila huo huingii sekondari. Na sasa niwaambie kuhusu Mapendo, maana kwake kila kitu kilisimama hapo.

Mapendo alikuwa na miaka kumi na mitano, mkubwa kuliko wote darasani. Alitoka Buleusa na bibi yake, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa ambaye sote tulimwita Koko. Walikuwa wawili tu. Mapendo alikaa pembeni mwa mlango kwa sababu ya miguu yake mirefu, na hakusema sana.

Kitabu tulikuwa nacho kimoja, cha hesabu cha darasa la sita, alichotuletea Mama Kavira kutoka kwenye vitu vyake vya zamani. Nilianza ukurasa wa kwanza, kama mtu yeyote aliyefundishwa vizuri. Jamani, watoto wale walikuwa moto! Nilikuwa sijamaliza kusoma swali, majibu yameshafika. Ukurasa wa kumi, wa ishirini, wa arobaini, tulikimbia kama maji mtoni. Jioni nilimwambia mke wangu kwamba inaonekana nina kipaji. Nilianza hata kutembea kwa namna nyingine, mikono nyuma. Mama Kavira naye hakunirushia haragi, nikadhani anastaajabu.

Tukafika ukurasa wa sabini na moja. Niliuliza swali la kwanza. Kimya. Nikauliza la pili, jepesi zaidi. Kimya kile kile, macho chini. Nilifikiri wananiudhi makusudi.

"Muko bagonjwa leo? Juu ya nini munanyamaza?"

Mapendo ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Mwalimu, siye hatuyafikaka hapa."

"Namna gani?"

"Mu sita, vita inakuyaka kabla ya hapa. Miye nilianza sita kule Buleusa, tukakimbia. Nikaanza sita tena kule tulikimbilia, tukakimbia tena. Hii ni mara ya tatu. Kila mara tunaanza kwa mwanzo. Ile mwanzo minaijua kwa kichwa. Huku mbele, sijawahi kuona."

Nikawauliza wengine. Kila mmoja alikuwa ameanza darasa la sita mara mbili, wengine tatu, na kila mara mapigano yalifika katikati ya mwaka, shule ikafungwa, wakaenda kuanza upya kwa mwalimu mwingine mwenye bidii kama mimi, ukurasa wa kwanza. Sikuwa na kipaji chochote. Nilikuwa nafundisha watu njia ya kwenda nyumbani kwao. Nilimtazama Mama Kavira. Alikuwa ananitazama tu, punje ya haragi kati ya vidole.

"Ulijua?" nilimuuliza watoto walipotoka.

"Nilijua toka ukurasa ya kumi. Nilingoja uulize."

Hapo mkinisoma mnacheka, na mimi nilicheka, lakini baadaye. Siku ile nilimfuata Mapendo, nikamuuliza anataka nini kwenye shule hii. Nilidhani atasema uuguzi, ualimu, kama watoto wanavyosema mbele ya wakubwa.

"Nataka nijue kitabu inaishaka namuna gani," alisema.

Na nafasi yake ilikuwa moja tu. Direkta wa shule ya kijijini, ambaye ndiye aliyeandika majina ya watahiniwa, alikuwa ameshaniambia waziwazi: huyu msichana amezidi umri, mwaka huu nitamwandika, mwaka kesho hapana. Koko naye alikuwa amesema lake. Mikono yake ilichoka kulima peke yake. Mapendo akikosa mara hii, ni jembe, na kitabu kifungwe. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mzee na shamba halikuwa lao.

Nilikwenda nyumbani sina raha. Kesho yake asubuhi nilikuwa nageuza fromaji. Kazi hii mnaijua? Fromaji mbichi ukiipanga kwenye ubao lazima uigeuze kila siku, juu iwe chini, chini iwe juu. Usipoigeuza, upande wa juu unakauka vizuri na upande wa chini unabaki na maji, unaoza, na mtu anayeitazama kwa juu anafikiri imekuwa tayari. Nilishika ile fromaji mkononi nikasimama nayo. Kisha nikaiweka chini nikakimbia dukani kwa Mama Kavira na aproni yangu.

"Hawa batoto banakauka upande moya tu," nilimwambia. "Tubageuze. Tuanzie nyuma ya kitabu."

Mama Kavira alikuwa anahudumia mtu. Alipima chumvi ya mteja, akafunga, akamshukuru, kisha akasema, "Sasa njo umekuwa mwalimu."

Direkta hakupenda. Alisema nyumba haijengwi kwa kuanzia paa, na mbele ya watu alisema mengine kuhusu mafundi wa fromaji. Nikamwambia, "Papa Direkta, hawa banajenga msingi mara tatu sasa. Bana misingi ya kutosha kwa kijiji nzima. Paa njo habana." Alicheka kwa kulazimishwa, lakini jina la Mapendo aliliandika, na ya wenzake pia.

Basi tulianzia ukurasa wa mwisho. Siku ile nilimpa Mapendo kitabu akifungue mwenyewe. Alikishika kwa mikono miwili, akageuza mpaka jalada la nyuma, akarudi ukurasa mmoja. Kulikuwa na picha ya silinda, yaani kitu cha mviringo chenye kimo kama pipa, na maswali sita chini yake. Nyuma yake ukurasa ulikuwa mweupe, mtupu. Wote walimzunguka kuona.

"Ni hii tu?" Riziki aliuliza.

"Ni hii," Mapendo alisema, na alikuwa anacheka peke yake. "Ni fromaji!"

Kweli ilikuwa fromaji, ukitazama vizuri. Nikashusha nzima moja kutoka kwenye mbao. Tukachukua uzi wa kushonea vitambaa vya kukamulia, tukazungusha fromaji mara moja, tukakata. Halafu wakakata nyuzi nyingine za urefu wa kupita katikati, ukingo mpaka ukingo, wakazipanga juu ya uzi mrefu. Tatu zikaingia na kipande kidogo kikabaki. Wakajaribu fromaji ndogo: tatu na kipande kidogo. Wakajaribu sufuria, kikombe, mdomo wa pipa la maji la jirani mwenye nguruwe, naye akatoka kuuliza kama sasa tunataka na pipa lake. Kila mahali tatu na kipande kidogo. Hawakuamini. Walikaa wiki nzima wakipima vitu vya mviringo kijijini, na kuna mzee mmoja mwenye upara aliyekataa kabisa kupimwa.

Kufundisha kinyumenyume si kazi laini, nisiwadanganye. Kila ukurasa unadai kitu cha ukurasa uliotangulia, na hicho bado hujakifika. Nilijifunza kusema, "Hiyo tutaikuta njiani," na kuchukua kidogo tu kinachohitajika. Maneno ya Kifaransa ya kitabu niliyaandika kwenye ubao, kila mtoto akasema kwao yanaitwaje, na makaa yakajaza ubao Kihunde, Kinande, Kinyarwanda na Swahili yetu. Waliosema kupotea njia ndiko kujua njia hawakukosea. Watoto walirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, wakijua kwamba mahali fulani watakutana na ule wa sabini wanaoufahamu, na walihesabu zilizobaki kama watu wanaokaribia nyumbani. Mapendo sasa alikaa mbele. Miguu mirefu tulijikwaa nayo, basi.

Zilikuwa zimebaki kurasa nne. Nne tu! Ilikuwa saa nne asubuhi, karibu na Pasaka, niko na mikono ndani ya maziwa, milio ya bunduki ikaanza upande wa kilima. Mnajua mambo hayo, sitayaeleza. Watu walifunga vitu. Watoto wangu hawakukimbilia kwao kwanza, walikimbilia chumba cha fromaji, wote kumi na mmoja, na Mapendo alikuwa analia kwa hasira.

"Ni vile vile tena! Mwalimu, ni vile vile!"

Mama Kavira aliingia nyuma yao, duka ameshalifunga. Hakumbembeleza mtu. Aliomba kisu changu cha fromaji. Akalaza kitabu juu ya ubao akakipasua mgongoni, akakigawa vifungu kama mtu anayegawa mkate.

"Kila mutu na kurasa zake. Siku moya kabla ya mtihani, saa sita, mu kiwanja ya kanisa kule Masisi-santre. Anayekosa, anakosesha bengine. Munasikia?"

Walisikia. Mapendo alipata kifungu cha mwisho. Mimi nilibaki na kile chenye kurasa nne. Kila mtoto alitia karatasi zake chini ya nguo, na nikawapa kila mmoja kipande cha fromaji, hata zile ambazo hazijakauka. Dakika chache baadaye chumba kilikuwa kitupu.

Sisi tulifika Masisi-santre, mjini, kwa ndugu wa mke wangu. Wiki zilipita. Mama Kavira alifungua meza ndogo ya chumvi sokoni na aliuliza kila aliyepita kama ameona watoto wenye karatasi. Direkta naye tulimkuta huko. Yule mtu niliyembishia alikuwa amekimbia na orodha ya watahiniwa ndani ya shati lake, imelowa jasho, majina yote yanasomeka. Nilimkumbatia mbele za watu na hakuchukia.

Siku ikafika. Saa sita nilikuwa kwenye kiwanja cha kanisa na Mama Kavira na ungo wake. Wa kwanza kufika alikuwa Riziki, ametokea njia ya Sake, anapiga kelele toka mbali. Halafu wawili, halafu watatu pamoja. Mpaka saa nane walikuwa kumi. Walipanga karatasi chini kwa kufuata namba, wakaweka jiwe juu ya kila kifungu upepo usizichukue, na kitabu chote kikalala pale kwenye majani, isipokuwa mwisho wake. Wakafundishana, kila mmoja mwalimu wa kurasa zake. Mimi nilifundisha zile nne. Nilisema kidogo sana. Mama Kavira alikaa na maharage yake na hakurusha hata moja, lakini sikuwa na furaha nayo, maana kila moto iliyopita wote kumi waligeuza shingo. Mapendo hakufika.

Asubuhi ya mtihani watoto walipanga mstari. Direkta alisoma majina polepole, polepole mno, akisafisha miwani yake kila baada ya jina. Alikuwa anavuta muda, Mungu ambariki. Alikuwa anaelekea kwenye jina la mwisho tuliposikia moto inapanda kilima kwa shida, na juu ya moto sauti.

"Mufungue! Mufungue mulango! Mutoto yangu anakuya kumaliza kitabu!"

Walikuwa watatu juu ya moto moja: motari, mwenye kuiendesha, mbele, Koko katikati ameshika mkoba, na Mapendo nyuma, miguu yake mirefu karibu inagusa udongo. Koko aliugua njiani, wakakwama. Alipopata nafuu alikataa kupumzika. Walitembea siku mbili, na huyo motari alikutana nao barabarani akataka kujua mzee huyu anakimbilia wapi. Koko alimweleza kwa kelele kiasi kwamba alikataa malipo.

Mapendo alishuka akakimbia. Wenzake walivunja mstari, wakamzunguka, wakammwagia zile kurasa nne zote kwa pamoja huku wakitembea naye kuelekea mlangoni, kumi wanasema mara moja. Mlangoni Riziki alimsukuma ndani akamwambia, "Na fromaji haikauke!"

Tulingoja nje. Koko alikaa karibu nami, hakunyamaza dakika moja. Walipotoka nilimuuliza Mapendo imekuwaje.

"Kulikuwa swali ya kamiyo ya kubeba viazi, mwalimu. Niliondoa barieri zote."

Walipita wote kumi na mmoja. Matokeo yalipobandikwa, watoto wa mji walimwagiana poda kichwani kama desturi yetu. Sisi poda hatukuwa nayo. Koko alifungua mkoba wake, akatoa unga wa muhogo aliokuwa amekusudia kupika, akaumwaga wote kichwani kwa Mapendo, kilichobaki kwa Mama Kavira, na cha mwisho kwangu. Tulilala na njaa na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiseme vipi.

Baadaye nilikusanya kurasa nizishone. Kila mtoto alirudisha zake. Mapendo alirudisha zote isipokuwa moja, ile ya mwisho.

"Nibaki nayo kidogo, mwalimu," alisema.

Hiyo kidogo imekuwa miaka. Mama Kavira alishakwenda kupumzika kwao Butembo, na mimi macho yangu sasa yanaona fromaji lakini hayaoni namba. Mapendo alimaliza sekondari, akarudi Buleusa, anafundisha, na mchana anakusanya watoto waliokimbia vijiji vingine. Sikumkumbusha ukurasa wangu. Lakini mwezi uliopita motari alileta bahasha kutoka kwake, na ndani ulikuwepo. Upande mmoja ile silinda. Nyuma, pale palipokuwa peupe, majina. Juu kabisa lilikuwa lake, la makaa, lililopitiwa tena na bike, kalamu ya wino. Chini yake Riziki na wale wengine, ambao sijui aliwafuata wapi. Halafu majina nisiyoyajua, madogo madogo, yamejaa mpaka pembeni, mengine yamesimama wima kwa kukosa nafasi. Mjukuu wangu alinisomea barua.

"Mwalimu Fromaji, kila mutoto anayefika huku mwisho anaandika jina yake. Sasa nafasi imeisha, na mwaka huu niko nabo kumi na saba. Minaomba unishonee ukurasa ingine nyuma ya hii."

Nililia, sifichi. Kisha nikaomba sindano na ule uzi wa vitambaa vya kukamulia.

Wale vijana wanne walipokuwa wanaaga wiki iliyopita, waliniuliza basi waanzie wapi, kama si kwenye ubao. Niliwaambia wawaulize watoto waliishia wapi. Kisha nikawapa bahasha wampelekee Mapendo, maana moto zao zilikuwa zinaelekea huko. Aliomba ukurasa mmoja. Nilimshonea kumi.